Rwenzururu: Karne Moja ya Madai ya Watu wa Mlimani

Mwaka 1967, Milton Obote alipofuta falme zote za Uganda kwa katiba mpya, Kabaka wa Buganda alikuwa tayari uhamishoni London, na watawala wa Toro, Bunyoro na Ankole wakageuka raia wa kawaida. Mfalme mmoja tu aliendelea kukaa kitini. Alikuwa kijana wa umri wa kwenda sekondari, akiishi kwenye miteremko ya Rwenzori karibu na mpaka wa Kongo, akilindwa na wanaume wenye mikuki na bunduki chache. Serikali haikuweza kumvua taji kwa sababu haikuwahi kukubali kwamba analo. Jina lake ni Charles Wesley Mumbere, Omusinga wa Rwenzururu.

Kichekesho hicho cha historia kina uchungu ndani yake. Uasi wa Rwenzururu ulidumu miaka 20, kuanzia 1962 hadi 1982, na mabaki yake yamemwaga damu hadi karne hii. Lakini ukiyafuata madai yake tangu mwanzo, utaona kwamba karibu kila kitu ambacho watu wa mlimani walikipigania, serikali ilikuja kuwapa: wilaya yao, lugha yao, na mwishowe mfalme wao. Ilitoa kwa kuchelewa, baada ya makaburi, na kila mara kwa namna iliyopanda mbegu ya ugomvi unaofuata.

Mlima na mipaka yake

Rwenzori ni safu ya milima inayosimama kati ya Uganda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, karibu na mstari wa Ikweta. Kilele chake kirefu, Margherita, kina mita 5,109, cha tatu Afrika baada ya Kilimanjaro na Kenya. Jina hilo lilitolewa na mwana wa kifalme wa Italia, Duke wa Abruzzi, aliyepanda huko mwaka 1906 na kuvipa vilele majina ya wakubwa wa Ulaya. Wenyeji waliokuwa wakiwinda na kulima chini ya theluji ile hawakuulizwa.

Wenyeji hao upande wa Uganda ni Wakonzo, walioshika miteremko, na Waamba, walioko kaskazini magharibi katika bonde la Semliki, Bundibugyo ya leo. Wakonzo ni wakulima wa milimani: muhogo, maharage, ndizi na kahawa ya arabika kwenye mashamba yaliyolala ubavuni mwa mlima, ambako mtu wa tambarare angehitaji kushika miti ili asimame. Upande wa pili, Kongo, wako ndugu zao Wanande wa Beni, Butembo na Lubero. Wakonzo na Wanande hujiita kwa pamoja Wayira na lugha yao ni moja. Mwaka 1910 Waingereza, Wabelgiji na Wajerumani waliafikiana kuhusu mipaka yao, na mlima ukapasuliwa katikati. Wakonzo wakabaki kwa Mwingereza, Wanande kwa Mbelgiji. Mpaka ule haukuwahi kuwazuia kuoana wala kufanya biashara. Mpaka leo, siku ya soko pale Mpondwe mpakani, watu huvuka na mizigo kichwani, na bei hutajwa kwa Kiswahili na Kikonzo kwa zamu.

Lakini mpaka uliowaumiza Wakonzo zaidi ulikuwa ule wa ndani. Mnamo miaka ya 1830, Kaboyo, mwana wa mfalme wa Bunyoro, alijitenga na baba yake akaunda ufalme wa Toro. Baadaye Kabalega wa Bunyoro aliukandamiza ufalme huo ukakaribia kufa. Mwaka 1891 Kapteni Lugard, akipita na askari wake, alimrudisha kitini Kasagama, mjukuu wa Kaboyo, na mwaka 1900 Waingereza wakatia saini naye mkataba wa Toro. Ramani ya mkataba ilikuwa pana kuliko nguvu halisi za Kasagama: iliingiza Busongora, Bwamba na miteremko ya Rwenzori. Watu ambao walikuwa wakishughulika na wazee wao na mizimu yao wakaambiwa kwamba bwana wao yuko Fort Portal, makao ya Toro.

Watatu wa Kagando

Utawala wa kupitia kwa mwingine ulikuwa rahisi kwa Mwingereza. Kwa Mkonzo ulimaanisha kutawaliwa mara mbili. Kodi ilidaiwa na chifu Mtoro, kazi za lazima zilisimamiwa na chifu Mtoro, kesi iliamuliwa kwa Kitoro. Wakuu wa saza, yaani kaunti, walitoka kwa wenye ufalme, na nafasi za shule ya juu vilevile. Masimulizi ya wazee wa mlimani yamejaa matusi ya enzi ile, mojawapo likiwa la kufananishwa na nyani. Tusi huweza kusahaulika likiwa la mlevi njiani; likitoka kinywani mwa mtoza kodi huwa sehemu ya utawala.

Mwaka 1919 watu wa mlimani walikataa. Viongozi walikuwa Nyamutswa, Tibamwenda na Kapolya. Nyamutswa alikuwa mtu wa tambiko, mwenye sauti kwa watu wake kwa sababu waliamini anazungumza na mlima. Wafuasi wao waligoma kulipa kodi, wakawafukuza mawakala wa Toro, na walipotumiwa askari walipanda juu zaidi. Uasi ulidumu mpaka 1921, ambapo walisalitiwa na kukamatwa. Wote watatu walinyongwa Kagando, wakazikwa katika kaburi moja.

Waliowanyonga walitaka kufunga kesi. Badala yake waliwapa Wakonzo mahali pa kwenda. Kagando iliingia katika nyimbo na hadithi za jioni, na kila kizazi kilichofuata kikajua majina yale matatu kabla ya kujua jina la gavana. Miaka 40 baadaye, waasi wa Rwenzururu walipotafuta mababa wa harakati zao, hawakwenda mbali.

Reli, shaba na mbuga

Katika miaka ya 1950 bonde la chini ya mlima lilibadilika kwa kasi. Kilembe, kilomita chache kutoka Kasese, palikuwa na shaba, na kampuni ya Kanada ikaanzisha machimbo. Reli iliyoanzia Mombasa ikasogezwa magharibi kutoka Kampala hadi Kasese mwaka 1956 ili kubeba shaba hiyo kwenda kuyeyushwa Jinja, kwenye umeme wa Owen Falls. Kwa miaka kadhaa shaba ilikuwa miongoni mwa bidhaa kuu za Uganda katika soko la nje, ikifuata kahawa na pamba. Kasese, kituo cha mwisho cha reli, ikakua mji: maghala, nyumba za wafanyakazi, maduka ya Wahindi, na Kiswahili cha machimboni kikawaunganisha watu wa makabila mengi waliokuja kutafuta kazi.

Wakati huohuo ardhi ilipungua. Mwaka 1952 sehemu kubwa ya tambarare ilitangazwa kuwa hifadhi, ile inayoitwa leo Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth. Wafugaji Wasongora, ambao ng'ombe wao walilisha hapo vizazi na vizazi, walijikuta wageni kwenye malisho yao. Miongo minne baadaye, mwaka 1991, mlima wenyewe nao ulifanywa hifadhi. Kati ya tembo wa chini na theluji ya juu, watu waligawana ukanda mwembamba wa mteremko, na ugomvi wa mkulima na mfugaji ukaongezwa juu ya ule wa mtawala na mtawaliwa.

Utajiri ulitoka, ofisi hazikuja. Mkonzo aliiona treni ya shaba ikiondoka kwao, lakini ili apate hati, hukumu au msaada wa masomo alikwenda Fort Portal, na huko alisubiri.

Uasi ulioanza na daftari

Jambo linalosahaulika kuhusu Rwenzururu ni kwamba haikuanza na mkuki. Mwaka 1954 mwalimu wa shule ya msingi, Isaya Mukirane, pamoja na wenzake walianzisha chama cha kuchunguza historia ya maisha ya Wakonzo. Mwaka huohuo mwandishi wa habari kijana wa Kiingereza, Tom Stacey, alifika mlimani, na Mukirane akawa mwenyeji na mkalimani wake. Waliipanda na kuishuka ile miteremko wakiandika ukoo kwa ukoo, tambiko kwa tambiko.

Kazi ile ya daftari ikawa siasa yenyewe bila kutangazwa. Mtu aliyefundishwa shuleni kwamba historia yake ni tawi la Toro, aliposikia wazee wa vijiji 10 wakisimulia asili isiyopita Fort Portal hata kidogo, alianza kuuliza kodi yake inakwenda huko kwa haki gani. Chama kikaenea kijiji kwa kijiji. Uhuru ulipokaribia, tayari palikuwa na mtandao wa watu wanaofahamiana na wenye shauri moja.

Nafasi ya kulisema ilikuja katika baraza la Toro, Rukurato. Katika kuelekea uhuru, Toro nayo ilitaka katiba yenye kulinda ufalme wake ndani ya Uganda mpya. Wajumbe wa Wakonzo na Waamba, wakiongozwa na Mukirane, Yeremiya Kawamara na Petero Mupalya, walitaka katiba hiyo iseme kwamba Toro ina makabila matatu yenye hadhi sawa, na vyeo vigawanywe kwa kuzingatia hilo. Hawakudai jeshi wala bendera. Walidai kutajwa.

Walikataliwa. Machi 1962 wakatoka barazani, na madai yakapanda: sasa walitaka wilaya yao wenyewe. Viongozi hao watatu walikamatwa. Serikali iliunda tume chini ya Dk. Ssembeguya kuchunguza chanzo cha fujo. Lakini mambo mlimani hayakusubiri ripoti. Mukirane, akiwa nje kwa dhamana, alitorokea milimani, na tarehe 30 Juni 1962, zaidi ya miezi mitatu kabla ya Uganda yenyewe kupata uhuru Oktoba 9, alitangaza Rwenzururu kuwa nchi huru.

Hapo njia za waasisi zikaachana. Kawamara na Mupalya walibaki na dai la wilaya ndani ya Uganda. Mukirane alikwenda mbali zaidi: mwaka uliofuata nchi yake ikawa ufalme na yeye akawa mfalme wa kwanza, Kibanzanga. Ni uamuzi uliowashangaza hata marafiki zake, kwa kuwa Wakonzo walikuwa watu wa koo na wazee wa vilima, si wa mfalme mmoja mwenye kasri. Lakini Mukirane alikuwa ameisoma Uganda yake vizuri. Katika nchi ile ya 1962, Buganda ilisikilizwa kwa sababu ina Kabaka, Toro kwa sababu ina Omukama. Asiye na mfalme alihesabiwa kuwa mali ya mwenye mfalme. Basi akavaa taji ili apate kusikilizwa.

Serikali ya mlimani

Obote alijaribu njia zote mbili, mazungumzo na jeshi. Mapema 1963 alimwomba Stacey, rafiki wa zamani wa Mukirane, apande mlimani kumshawishi. Stacey alimkuta rafiki yake amebadilika, amezungukwa na mawaziri wake na amri zake, na mazungumzo hayakuzaa kitu. Hali ya hatari ikatangazwa sehemu za Toro, na jeshi likapelekwa.

Chini, tambarareni, vita vilikuwa vya majirani. Wakonzo waliwashambulia machifu na walowezi Watoro, nyumba zikachomwa. Mwaka 1964 makundi ya Watoro yakalipiza kisasi kwa mauaji. Familia zilizoishi zikipakana kwa miaka zilihama usiku, Watoro wakikimbilia Fort Portal, Wakonzo wakikwea juu. Ni vizuri kulisema hili waziwazi, kwa sababu hadithi ya ukombozi hupenda kuruka kurasa kama hizo. Mtoro aliyechomewa nyumba Busongora hakuwa Kasagama wala gavana.

Juu, palikuwa na dola ndogo. Ilikuwa na mawaziri, wakuu wa saza na gombolola, mahakama, bendera, wimbo wa taifa, shule zilizofundisha kwa Kikonzo, na kodi. Naam, kodi: mkulima aliyekuwa akilalamikia mtoza kodi wa Toro sasa alilipa kwa mawakala wa Rwenzururu, na katika vijiji vya kati alidaiwa na pande zote mbili. Lakini wengi walilipa, kwa sababu mara ya kwanza hakimu aliyewahukumu alielewa walichosema bila mkalimani.

Mukirane alifariki Septemba 1966, na mwezi uliofuata mwanawe Mumbere, akiwa na miaka 14 hivi, alitawazwa. Jeshi la Uganda liliendelea kupanda na kushuka. Ukungu, mabonde na mvua isiyokatika viliwasaidia wenyeji, na adui akizidi walivuka kwenda kwa ndugu zao Kongo.

Aliyeanza kutegua fundo alikuwa Idi Amin, mtu ambaye hakuna anayependa kumsifia. Mwaka 1974 aliigawa Toro, akaunda wilaya ya Wakonzo, Kasese ya leo, na nyingine ya Waamba, Bundibugyo ya leo. Kile ambacho Kawamara na Mupalya walifungwa kwa kukidai mwaka 1962, kilitolewa kwa amri moja ya dikteta. Nguvu za uasi zilipungua kwa sababu sababu yake kuu ilipungua. Kisha Amin akaanguka mwaka 1979, askari wake wakakimbilia magharibi wakiacha au kuuza silaha njiani, na Rwenzururu iliyokuwa ya mikuki ikawa ya bunduki za kisasa.

Mfalme anayeosha wazee

Vita viliishia mezani. Serikali ya pili ya Obote, kupitia kwa Amon Bazira, mwanasiasa mwenyeji wa Kasese, ilizungumza na Mumbere, na tarehe 15 Agosti 1982 mfalme alishuka na watu wake hadi mjini Kasese wakakabidhi silaha. Dai la kujitenga likaachwa. Kwa upande wake serikali iliahidi nafasi za uongozi kwa wenyeji, na kwa Mumbere heshima ya mzee wa jamii pamoja na masomo ya nje. Hakuitwa mfalme katika karatasi yoyote.

Alikwenda Marekani kusoma. Obote alipopinduliwa mwaka 1985, fadhili za serikali zilikatika, na Mumbere akaomba hifadhi na kutafuta riziki. Kwa miaka mingi alifanya kazi ya msaidizi wa wauguzi katika nyumba za kutunzia wazee, zikiwemo za mji wa Harrisburg, Pennsylvania: kuwaosha, kuwalisha, kuwageuza kitandani, zamu ya usiku na zamu ya mchana. Wenzake kazini hawakujua kwamba mtu huyu mpole alikuwa ametawala mlima akiwa mtoto, kwa sababu hakuwaambia.

Huku nyumbani amani ya 1982 ilikuwa na nyufa. Baada ya Museveni kuingia madarakani, Bazira, aliyekuwa mpatanishi, aliunda kundi la waasi lililoitwa NALU, akauawa Kenya mwaka 1993. Mabaki ya NALU yaliungana na waasi wa ADF, kundi lenye madai mengine kabisa yasiyotoka mlimani. Novemba 1996 walishambulia Mpondwe. Juni 1998 waliwachoma moto wanafunzi wapatao 80 wa chuo cha ufundi cha Kichwamba. Makumi ya maelfu ya watu wa Bundibugyo na Kasese waliishi kambini miaka kadhaa. Mlima uliowahi kuwa ngome ya wenyeji ukawa maficho ya watu waliowachinja wenyeji, na ADF wanaendelea hivyo hadi leo upande wa Beni, ambako wahanga wengi ni Wanande, ndugu wa damu wa Wakonzo.

Kiti chapatikana, ugomvi wahamia ndani

Mwaka 1993 Uganda ilirudisha falme. Toro ikapata Omukama wake tena, Buganda Kabaka wake. Rwenzururu ikaambiwa isubiri, kwa hoja kwamba haikuwahi kuwa ufalme kabla ya ukoloni. Hoja ilikuwa sahihi kihistoria na dhaifu kisiasa. Toro nayo ilifufuliwa na bunduki za Lugard. Tofauti ni kwamba mkataba wake ulitiwa saini.

Baada ya miaka ya uchunguzi na ahadi za uchaguzi, serikali ilikubali. Oktoba 19, 2009, siku ya kumbukumbu ya kutawazwa kwake, Mumbere aliyerudi kutoka Marekani alitambuliwa rasmi mbele ya Rais Museveni na umati uliojaza Kasese. Miaka 47 ilikuwa imepita tangu baba yake atangaze uhuru.

Ingekuwa mwisho mwema wa hadithi, kama Kasese ingekuwa ya Wakonzo peke yao. Lakini Wasongora, Wanyabindi na wengine wanaoishi wilayani humo walisikia lugha waliyokuwa wameizoea: ninyi ni watu wa Omusinga. Wakajibu kama Wakonzo walivyojibu Toro mwaka 1962, kwa kudai viongozi wao na mipaka yao. Waamba, washirika wa zamani wa uasi, nao walijitoa na mwaka 2014 wakapata kiongozi wao, Martin Kamya. Julai mwaka huohuo vijana wenye mapanga, mikuki na bunduki chache walishambulia vituo vya polisi na kambi katika Kasese, Bundibugyo na Ntoroko. Makumi waliuawa, wengi wao washambuliaji wenyewe, na kulipiza kisasi dhidi ya Wakonzo kukafuata, miili mingine ikifukiwa katika makaburi ya pamoja.

Hapa ndipo serikali inapostahili lawama yake kubwa. Kugawa utambulisho kwa kila anayeomba, mmoja baada ya mwingine, bila kushughulikia ardhi, ajira na mgawo wa bajeti, ni kugawa ugomvi. Wengi mlimani waliona kwamba walitambuliwa ili wadhibitiwe. Katika uchaguzi wa 2016 Kasese iliupa upinzani kura zake, na uhusiano na Kampala ukaoza kabisa.

Novemba 26 na 27, 2016, uliisha kwa moto. Vikosi vya serikali vilivamia ofisi za ufalme mjini, mashambulizi dhidi ya polisi yakazuka sehemu mbalimbali, na askari polisi wasiopungua 14 wakauawa. Serikali ikamtaka Mumbere awavunje walinzi wake, ikiwatuhumu kupanga kuunda nchi iitwayo Yira pamoja na Wanande wa Kongo. Siku ya pili jeshi, chini ya Brigedia Peter Elwelu, lilivamia kasri la Buhikira kilimani juu ya mji. Human Rights Watch ilihesabu waliokufa kwa siku mbili hizo kuwa watu wasiopungua 153, watoto wakiwamo; takwimu za serikali zilikuwa chini ya hapo. Picha zilizosambaa zilionyesha majivu ya vibanda vya nyasi na miili ya wanaume imepangwa, mikono ya baadhi yao imefungwa nyuma. Mumbere alikamatwa, akashtakiwa kwa mauaji na ugaidi, na hata baada ya kupewa dhamana alikatazwa kurudi kwao.

Mashtaka yalifutwa Juni 2023. Siku chache baadaye ADF walivamia shule ya sekondari ya Mpondwe usiku na kuua watu zaidi ya 40, wengi wao wanafunzi. Oktoba mwaka huohuo Omusinga alirudi Kasese baada ya karibu miaka saba.

Hukumu

Wako wanaosema Rwenzururu ni somo la hatari ya ukabila. Ni kweli kwa nusu. Watu wa mlimani hawakuanza kwa kudai kuwatawala wengine. Walianza kwa kuomba jina lao liandikwe katika katiba ya mahali walipokuwa wakilipa kodi. Ombi lile lingegharimu mstari mmoja wa katiba na viti vichache. Kwa kukataliwa liligeuka wilaya, kisha nchi, kisha ufalme, na kila hatua ilikuwa ngumu zaidi kuirudisha nyuma. Na ufalme ulipopatikana, ulirithi kosa la ule ulioukataa: kudhani kwamba wote wanaoishi chini ya kivuli chake ni watu wake.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki mambo haya si ya mbali. Pwani, kaskazini mwa Kenya, mashariki mwa Kongo, kila mahali wapo watu wanaoona utajiri ukipita kwao kwenda kwingine, na serikali inayosubiri mpaka bunduki isikike ndipo iite mazungumzo. Rwenzururu inaonyesha kwamba uasi wa namna hii hauishi kwa kumpata kiongozi wake, awe amenyongwa Kagando au amefungwa gerezani. Huisha pale anayelalamika anapopata mahali pa kulalamikia karibu na nyumbani, kwa lugha yake, mbele ya mtu mwenye uwezo wa kumsaidia.

Kuna deni moja ambalo halijalipwa. Elwelu alipandishwa vyeo baada ya 2016, na mwaka 2024 Marekani ilimwekea vikwazo kwa mauaji ya kinyume cha sheria. Nchini Uganda kwenyewe hakuna afisa wa jeshi aliyefikishwa mahakamani kwa vifo vile. Serikali iliyomfutia Omusinga mashtaka inapaswa sasa kuunda tume huru, itaje majina ya wote waliokufa, askari polisi na walinzi wa kasri pamoja, na iwafidie wajane wao. Bila hivyo, Buhikira itakuwa Kagando ya kizazi hiki, na Uganda imekwisha kuona Kagando ilizaa nini.